Josho la kijiji au bomba la nyumbani?

Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa Lindi na ng'ombe wao, na kupe hawakubaki nyuma. Tangu hapo, Kilwa hadi Nachingwea, ubishi ni ule ule: tujenge josho, yaani birika la dawa la kuogeshea ng'ombe, au kila mtu abebe mgongoni bomba lake la kupulizia dawa?

Wa josho wana hoja nzito. Ng'ombe anayetumbukia na kuogelea hulowa mpaka masikioni na chini ya mkia, na huko ndiko kupe wanakojichimbia. Kupe wa kahawia, anayeeneza ugonjwa wa ndigana kali, makazi yake hasa ni sikio. Mwenye ng'ombe 200 hawezi kuwapulizia wote kila wiki. Akifika wa arobaini mkono umechoka, waliobaki wanaambulia manyunyu.

Lakini josho hunywa maelfu ya lita za maji. Newala, juu ya tambarare ya Makonde, ambako maji ya kunywa yenyewe ni shida, nani atalijaza? Na likijaa, kazi bado. Kila ng'ombe hutoka na dawa mwilini, mvua inaizimua, kinyesi kinaichafua. Asipokuwepo wa kupima na kuongeza dawa, mifugo inaoga tope, na kupe wanaonusurika kwenye dawa hafifu ndio wanaozaa kizazi sugu. Halafu kuna njia ya kufika. Msimu wa korosho, mabibo yakiwa chini, kundi likikatiza shambani kwenda joshoni kesi iko kwa mtendaji kabla ng'ombe hawajalowa.

Bomba linamfaa mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa pale Masasi, ilimradi asome kibandiko na amloweshe kila mmoja chapachapa. Lisiwe lile la kupulizia mikorosho, tafadhali! Mabaki ya sumu ya shambani hayana kazi kwenye ngozi ya ng'ombe anayekamuliwa.

Kwa makundi makubwa nasimama na josho, ila liwe na mchango wa kila anayeogesha na mtu mmoja anayewajibika kwa kipimo. Na Liwale, kwenye mbung'o, watazame aina ya dawa kabla ya bei: amitrazi inaua kupe lakini mbung'o haimtishi, wakati deltamethrini inawapiga wote wawili.