Hoja kwanza, au kisa kwanza?

Chukua mfano huu wa kubuni. Mama muuza samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anampa mvuvi fedha za nyavu. Wanakubaliana kwa mdomo kwamba sangara wote wa nyavu hizo wataletwa kwake. Miezi miwili baadaye, mzigo unaanza kwenda kwa tajiri mwingine mwenye bei nono.

Mwanafunzi wa sheria akikutana na kisa hiki kwenye mtihani, ataanza na IRAC, herufi nne za Kiingereza zinazosimamia hoja, sheria, uchambuzi na hitimisho. Hoja: je, kuna mkataba? Sheria: kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, kinachotaka hiari, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, na makubaliano yenye malipo na madhumuni halali. Kwa kawaida hata neno la mdomo linatosha. Kisha analinganisha mambo ya mama na mvuvi na masharti hayo, na mwisho anatoa jibu.

Utaratibu huu unamzuia mwandishi kumhurumia mama kwanza halafu kutafuta kifungu cha kufunika huruma yake. Tena haupo mbali na mahakama zetu za Tanzania. Amri ya 20, kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka hukumu ieleze kesi kwa ufupi, mambo ya kuamuliwa, uamuzi, na sababu zake.

Ila uzito wote uko kwenye herufi ya tatu, na hapo ndipo wengi huandika mistari miwili tu. Tazama shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Hoja kubwa ilikuwa kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ikasema ndiyo. Hata hivyo Bi Hawa hakupata mgawo katika nyumba iliyogombewa, kwa kuwa alishapewa fedha na mumewe za kuanzisha mradi wa familia akazitumia vibaya. Anayekariri kanuni na kuruka mambo ya kisa angemtangaza mshindi.

Wapinzani wa IRAC wana hoja ninayoiona nzito zaidi: inadhani swali tayari liko mezani. Mama wa Mwaloni haji na hoja, anakuja na kisa, na kisa chake kinaanzia kwenye msiba wa shemeji. Zile fedha zilikuwa mkopo, malipo ya awali ya samaki, au mtaji wa pamoja? Kila jibu linafungua mlango wake, na ukishaandika "je, kuna mkataba?" umeshachagua mmoja bila kujua.

Kwa hiyo mimi naitumia IRAC wakati wa kuandika, si wakati wa kusikiliza. (Kwa mteja hata mpangilio naugeuza: jibu kwanza, kwani anachotaka ni kujua kama fedha zake zitarudi.) Na kabla ya herufi yoyote, mama yule ningemuuliza: nyavu zingerudi tupu miezi yote hiyo, mvuvi angedaiwa na wewe hata shilingi?