PCB imegoma na MD bado unaitaka: urisiti (urudie mtihani) au ukapige Clinical?

Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka kuna watoto PCB (fizikia, kemia na baiolojia) imewakalia vibaya na nyumbani walishaanza kuitwa dokta. Vigezo vya TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa MD (digrii ya udaktari) ni principal (ufaulu wa somo kuu) tatu, fizikia kemia baiolojia, D kila moja, yaani pointi 6, ila hiyo ni ya kwenye karatasi tu, ukienda kushindana chuo cha Muhimbili na D tatu unajifurahisha. Sasa mwenye E ya fizikia afanyeje?

Mtaani jibu ni moja, "nenda Clinical Medicine". Miaka mitatu una diploma, ukiwa na GPA ya 3.0 kwenda juu unaomba MD. Mimi hii njia naikubali kuliko wanavyoidharau, maana hata MD ikigoma wewe tayari ni tabibu, unakaa zahanati unatibu watu na unakula. Tena CO (huyo tabibu wa diploma) aliyesota OPD (wagonjwa wa nje) akiletewa mtoto ana homa hababaiki, anapima mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), ikionyesha malaria anatoa dawa mseto, anajua yupi wa kumpa rufaa haraka, wakati mwenzake aliyetoka form six moja kwa moja bado yuko darasani na vitabu.

Ila washauri wetu huwa wanaruka mahesabu. Diploma miaka 3, MD 5, intern (mazoezi ya kazi hospitalini) 1, jumla 9, na hiyo ni kama hujasimama, na wengi wanasimama kutafuta ada kwanza, na ukishaajiriwa serikalini ruhusa ya masomo nayo ina foleni yake. Kinachouma zaidi, diploma inaangalia cheti cha form four, kwa hiyo ile miaka miwili ya advance (form five na six) haikupunguzii hata semista. Halafu ukiingia MD mwaka wa kwanza unakutana na anatomia na biokemia, uzoefu wa kuandika dawa hapo haukukumbushi mzunguko wa Krebs, unakesha kama madogo wa miaka 20.

Kurisiti ndo wazazi hawataki kusikia, wanaona aibu, lakini ukipata unamaliza ndani ya miaka 7 (kurisiti 1, MD 5, intern 1). Shida yake ni praktiko, PC (mtahiniwa binafsi) anasoma notsi nyumbani maabara hana, fizikia ileile iliyomwangusha inamngoja palepale.

Nje ya nchi nako mawakala wanakupa udahili kirahisi sana (hapo tu ushtuke). Ada ni dola, na waliokuwa Ukraine vita inaanza 2022 wanajua ilivyokuwa. Ukirudi Baraza la Madaktari linakusubiri na mtihani wake, kwa hiyo njia ya mkato inaishia mlangoni kwao.

Kwangu mimi, aliyekosa somo moja arisiti mara moja tu na atafute shule yenye maabara, aliyeanguka masomo mawili au yote asipoteze mwaka, aende Clinical. Ila kabla hujalipia fomu toa cheti cha form four ukiangalie vizuri, MD kwa njia ya diploma wanataka D za fizikia, kemia, baiolojia, hesabu na kiingereza, na hesabu ndo yenye F za watu wengi, kama unayo irisiti hiyo mapema ukiwa bado chuoni, usije ukafika na GPA yako nzuri wakakurudisha kwa F ya form four.