Jina la Baba Jukwaani: Kubebwa au Kubebeshwa?

Mtoto wa mwanamuziki mkubwa wa roki akitoa albamu, watu humhukumu kabla hawajaisikiliza: amebebwa. Hata hapa Kisumu, ambako mashabiki wa roki ni wachache na karibu wote wanajuana, ukitaja Inhaler, bendi ya Dublin, utaulizwa, "Si ile bendi ya kijana wa Bono wa U2?" Basi, mjadala umefungwa.

Wasemao hivyo wana hoja. Mwaka 2021 albamu ya kwanza ya Inhaler, ambayo mwimbaji wake ni Elijah Hewson, kijana huyo wa Bono, ilifika nambari moja Uingereza. Vijana wangapi wa Dublin husikilizwa upesi namna hiyo? Wolfgang Van Halen naye alirekodi albamu yake ya kwanza kwenye studio ya 5150, iliyo nyumbani kwa baba yake, Eddie, mpiga gitaa wa bendi ya Van Halen. Kijana wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, akitaka kurekodi wimbo mmoja huchangisha pesa kwanza, na saa alizolipia zikiisha, mwenye studio anaita mwingine. Hilo tusilifunike.

Ila kuna hesabu moja ambayo wenye hoja hiyo huiruka. Bendi ya Jakob Dylan, mwana wa mwanamuziki Bob Dylan, The Wallflowers, ilitoa albamu ya kwanza mwaka 1992. Ziliuzwa takriban nakala 40,000, na bendi ikaachana na kampuni yake. Albamu ya pili, ya 1996, iliuza zaidi ya nakala milioni 4 Marekani pekee, na wimbo wake "One Headlight" ukazoa tuzo mbili za Grammy mwaka 1998. Katikati ya albamu hizo mbili Jakob hakubadilisha baba. Kama jina ndilo linalouza, mwaka 1992 lilikuwa limekwenda wapi? Bob Dylan alikuwa na mashabiki mamilioni duniani kote, na kati yao wote ni hao elfu arobaini tu, tena tukijifanya kwamba kila nakala ilinunuliwa na shabiki wa mzee. Mpinzani atasema mkataba wenyewe ulipatikana kwa jina. Huenda, sikatai. Lakini mkataba si wimbo, na milioni 4 hawatoi pesa mfukoni kwa kumwonea haya mzee wa mtu.

Nadhani roki ina kinyongo na watoto hawa kwa sababu ilikua kwa kuwaasi wazazi. Anayerithi gitaa la baba anaonekana msaliti. Kwetu huku magharibi mwa Kenya hakuna anayeshangaa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wolfgang alivukuta hasa: aliingia Van Halen mwaka 2006 akiwa na miaka 15, akapiga besi nyuma ya baba yake. Jason Bonham alikalia kiti cha marehemu baba yake kwenye ngoma za Led Zeppelin, London, Desemba 2007.

Ukarimu wetu nao una mtego wake. Nenda Kondele, hapahapa Kisumu, Jumamosi usiku, kwenye baa yenye bendi ya benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Kijana wa mpiga solo wa zamani anaanza kibao alichotunga mwenyewe. Mzee mmoja anainua mkono, muziki unakatwa kwa pakruok, yale majigambo ya Kijaluo, anajisifu yeye na shemeji zake, kisha anamtilia kijana noti ya mia mbili mfukoni na kuagiza wimbo wa babake. Kijana anatabasamu, anaupiga. Chake kimekatikia ubeti wa kwanza na hakuna aliyeuliza kiliishia wapi. Hapo nani kambeba nani?

Julian Lennon aliyaonja haya mwaka 1984 na albamu yake Valotte. Iliuza vizuri, lakini wakosoaji hawakuchoka kusema sauti yake ni ya baba yake, John Lennon wa Beatles. Sasa angeazima koo la nani?

Ndiyo maana simlaumu Wolfgang kwa lile linalowaudhi wengi. Katika bendi yake, Mammoth, iliyoitwa zamani Mammoth WVH, anakataa kupiga nyimbo za Van Halen. Albamu yake ile ya kwanza, ya 2021, aliimba na kupiga vyombo vyote mwenyewe, na "Distance," wimbo aliomwimbia baba yake aliyefariki Oktoba 2020, uliteuliwa kuwania Grammy ya 2022. Wanaomwita mwenye maringo husahau kwamba Septemba mwaka huohuo, kwenye tamasha la kumuenzi marehemu Taylor Hawkins, mpiga ngoma wa Foo Fighters, kule Wembley, alizipiga nyimbo za baba yake mbele ya uwanja mzima, tena kwa ufundi ambao hakuna aliyeutilia shaka. Kisha akarejea kwenye maonyesho yake, na orodha ya nyimbo ikabaki kama ilivyokuwa.