Eti "si ulisema utakuwa rubani?"

Hivi nani aliwapa watu wazima wa Mtwara kazi ya kutunza ndoto za watoto wa watu? Nipo zangu ghalani, jua kali, nimekalia magunia ya korosho nasubiri karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, apime, anapita shangazi, hata salamu haijaisha, "We si ndo ulisema utakuwa rubani?" Jamani! Nilikuwa darasa la pili! Ndege yenyewe naijua tumbo tu, inavyopita juu ya mikorosho.

Wadogo zetu wa 2013 ndo usiseme. Bomba la gesi linajengwa kwenda Dar, basi kila mtoto ukimuuliza, "injinia wa gesi". Darasa zima! Mainjinia wote hao wakakae wapi, ndani ya bomba? Leo mmoja bodaboda pale Mkanaledi, mwingine anauza pweza feri, na yule mtoro wa hesabu ndo mwalimu wa hesabu (Mungu awasaidie hao watoto).

Ila bei ya korosho ikipanda mbona hamuulizi urubani? Mnakuja kukopa, "mwanangu wewe toka mdogo una akili". Shangazi, muombe rubani!