Shemeji yangu anasema roki ni spika iliyochanika

Nina shemeji yangu, mume wa dada, fundi redio, kibanda chake kipo Temeke, miaka ishirini na kitu anafungua maamplifaya ya watu. Huyu mtu umwekee roki sekunde kumi tu, anakunja uso kama kalamba ndimu, halafu hukumu ni ileile kila siku: "Shem, hiyo spika imechanika."

Na wala hatanii. Ule mkwaruzo wa gita ambao mi unanisimamisha vinyweleo, kwake ni ugonjwa anaoutibu kila siku. Mteja analeta spika inakoroma, yeye anailaza, anabonyeza karatasi kwa vidole viwili taratibu asikie kama koili inasugua, akikuta imepasuka anabandika gundi au anabadilisha karatasi nzima, analipwa, anaita mwingine. Sasa mimi namletea watu waliotajirika kwa kukoroma, nategemea nini?

Tunabishana mwaka wa pili huu. Uwanja wetu ni gari lake, redio kaifunga mwenyewe, ina kaseti na ina blutuuthi, na sheria ya gari si unaijua, mwenye usukani ndo mwenye redio, kwahiyo Mbagala mpaka mjini ni Sikinde, Msondo, Mbaraka Mwinshehe, siku akiamka vizuri Franco. Mi nyimbo hizo nimekua nazo, sina ugomvi nazo hata kidogo, ila ile foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali inaweza kumaliza sebene tatu na hujasogea hata hatua, na hapo ndo huwa naomba, "moja tu shem, moja tu." Na hiyo moja ndo ilikuwa inaniponza, maana nilikuwa naichagua vibaya.

Ngoja niseme kitu ambacho wapenzi wenzangu wa roki watanichukia: sisi ni wabovu sana kwa kushawishi watu. Mtu akikwambia huu muziki siuelewi, humwekei kitakachomfaa yeye, unamwekea kile kitakachoonyesha kwamba we unajua. Mi nilianza na Pink Floyd, ile albamu ya 1975, wimbo wa mwanzo kabisa, ambao mwimbaji anaingia baada ya dakika nane na ushee. Dakika nane! Shemeji kavumilia, kapiga honi, kanunua maji dirishani, kasubiri chenji, kafungua chupa, kanywa, mwisho kaniuliza kwa upole kabisa, "Waimbaji nao wamekwama Mtoni?"

Wiki iliyofuata nkaja na Radiohead, OK Computer ya 1997, nkaanza kumweleza jinsi ilivyobadilisha sijui nini na nini. Kasikiliza Thom Yorke anavyovuta ile sauti, akasema huyu kijana apewe chakula kwanza. Nilinuna mpaka tunafika Posta. Lakini alikuwa sawa, na sio kwamba bendi ni mbaya, Radiohead nitawapenda mpaka nazikwa, ila nilimpa mtu kahawa chungu bila kashata halafu nikashangaa anatema.

Kilichogeuza mambo hata hakikuwa wimbo, ilikuwa habari ya wembe.

Siku hiyo nipo kibandani kwake, ana spika ya inchi kumi na mbili mkononi, imechanika kama daftari la mtoto, nkamwambia shemeji, unajua kuna dogo mmoja Uingereza alichana ya kwake makusudi? Akaweka soda-gani, kile chuma cha kuchomelea nyaya, chini. Nkamweleza, Dave Davies wa The Kinks, kijana wa London wa miaka kumi na saba, ana kiamplifaya kidogo cha Elpico, sauti ilikuwa safi mno haimkoshi, akachukua wembe akaikata ile karatasi ya spika, gita likaanza kunguruma, na kwa mngurumo huohuo mwaka 1964 wakarekodi You Really Got Me, ikafika namba moja Uingereza. Nilidhani atacheka. Akaanza kuuliza maswali ya kifundi, kaikata kuzunguka au kwenda katikati, koili haikugusa, ilidumu siku ngapi, mi mwenyewe nikakwama. Nkaiweka kwenye simu, dakika mbili na kitu tu, akasikiliza kainamisha kichwa vilevile anavyosikiliza redio ya mteja, akasema, "Imechanika kweli. Ila huyu anajua kwamba imechanika."

Hapo ndo nikaelewa nilikuwa nakosea wapi mwaka mzima. Shemeji hakuwa anaichukia ile sauti, alikuwa anadhani hao wanaopiga hawana habari kwamba chombo chao kibovu, yani anawaonea huruma! Mtu wa namna hiyo usimwambie mashairi yana maana gani, mpe ufundi. Nkamwekea Led Zeppelin, ule wimbo wa mafuriko unaofunga albamu yao ya nne, 1971, nkamwambia kabla haijaanza: mpiga ngoma, John Bonham, kawekwa chini kwenye ukumbi wa jumba moja la zamani linaitwa Headley Grange, maiki mbili zimening'inizwa huko juu kwenye ngazi, sikiliza. Ngoma zikaingia kama mtu anabamiza mlango wa ghala. Akaongeza sauti. Mwenyewe, kwa mkono wake, mi sijagusa kitu.

Na wimbo ule sio wao, nkamwambia kabisa asije akaugundua akanigeuka, ni wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, Wamarekani weusi, waliurekodi 1929.

Maana hoja yake ya pili ndo hiyo, kwamba huu ni muziki wa wazungu. Hapa wengi wetu tunakimbilia Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Mji Mkongwe Zanzibar 1946, basi roki ni yetu, mjadala umefungwa. Mi hoja hii nimeistaafisha. Jamaa kapelekwa shule India bado mdogo, familia ikaondoka Zanzibar 1964 baada ya mapinduzi, Queen imeundwa London 1970, tujivunie sawa, lakini ukisikiliza gita la Brian May, mpiga gita wao, kuna karafuu humo? Shemeji ndo aliizika kabisa, alisema, "Kuzaliwa Muhimbili hakukufanyi daktari." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mwenye jibu ni Sister Rosetta Tharpe. Mwanamke mweusi wa Arkansas, kazaliwa 1915, mwimbaji wa injili, gita shingoni, miaka ya arobaini tayari anarekodi vitu ambavyo Elvis wakati huo ni mtoto wa shule ya msingi. Kuna video yake ya 1964 Manchester, amesimama kwenye stesheni ya treni, kavaa koti lake zito la heshima kama mama anakwenda kanisani, halafu anakamata gita la umeme na kulipiga kama anamfokea mtoto aliyevunja sahani. Hii niliionyesha nyumbani, na aliyeomba irudiwe sio shemeji, ni dada, ambaye ni mwanakwaya wa miaka yote. Ile hoja ya tatu, kwamba roki ni muziki wa shetani, ikafia palepale sebuleni, sikuhitaji hata kufungua mdomo.

Sasa kitu ambacho mimi ndo nimefundishwa, na hiki kwangu ndo kitamu kuliko vyote. Masikio yaliyolelewa na dansi yanatafuta gita la rithimu kwanza. Sisi wa roki macho yetu yako kwa anayeruka mbele, na AC/DC ndo wenyewe, Angus na kaptula yake ya shule, anajigaragaza jukwaani. Shemeji kaangalia video haijafika hata katikati, kamnyooshea kidole yule wa nyuma, kasimama jirani na ngoma, hacheki, haendi popote, "Huyu ndo mwenye bendi." Malcolm Young, kaka mtu. Back in Black ya 1980 nimeisikiliza tangu sekondari na naapa sijawahi kumsikia Malcolm vizuri mpaka fundi wa Temeke aliponionyesha, gita moja ni kigingi, jingine ni mbuzi anazunguka na kamba. Ni mgawanyo uleule wa rithimu na solo kwenye sebene, sijasema ni kitu kilekile maana akinisikia atanishusha kwenye gari, ila kazi zimegawanywa vile vile. Kwahiyo kama una mtu wa Msondo nyumbani unataka kumvuta, usianze na solo za dakika saba, anza na AC/DC, mwambie amsikilize aliyesimama nyuma.

Baada ya hapo nkamtegea. Nimeweka wimbo bila kutaja bendi, gita linakoroma, ngoma zinajaa, shemeji katulia tu, mara sauti inaingia kwa Kiswahili. Akapunguza mwendo mpaka wa nyuma yetu kapiga honi. "Hawa wa wapi?" Wa hapahapa Dar shemeji, Sunburst, albamu yao Ave Africa ni ya 1976. Akakasirika, na sio kwa muziki, kwa kutoambiwa. Miaka yote hiyo nafungua redio za watu, anasema, hawa hawajawahi kutokea humo ndani hata siku moja. Nkamwambia kazi zao zimekusanywa upya 2016 na lebo ya Ulaya, Strut, akakasirika zaidi, na hapo nilimuunga mkono asilimia mia.

Akiwa bado amechemka nkamvusha mpaka wa Tunduma, WITCH wa Zambia, miaka ileile ya sabini, mwimbaji wao Emmanuel Chanda wakamwita Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, yule mwimbaji wa Rolling Stones. Ilimkaa. Halafu Tinariwen, wale Watuareg wa kaskazini ya Mali, ambao kiongozi wao Ibrahim Ag Alhabib gita lake la kwanza alilitengeneza utotoni kwa kopo, fimbo na waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki! Wiki nzima alikuwa anawahadithia wateja wake kibandani, kila anayeingia na redio yake anapewa habari ya kopo kwanza.

Tulipogoma ni kwenye metali, ile roki nzito kabisa. Black Sabbath nilimpelekea kwa njia ileile ya ufundi, Tony Iommi, kiwandani Birmingham, mashine imemkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobonyezea nyuzi, akajitengenezea vikofia vya plastiki, akatafuta nyuzi laini, baadaye akalegeza na tyuningi, gita likashuka huko chini lilikozaliwa metali. Kasikiliza habari yote kwa heshima, kavitazama vidole vyake mwenyewe, kasikiliza na wimbo mpaka mwisho. "Nimemhurumia," akasema, "ila sijampenda." Sijakata tamaa, nina Thin Lizzy mfukoni, magita mawili yanaimba pamoja, nadhani hapo simkosi.

Ila Ijumaa hii zamu ni yake. Kuna kaseti ya Msondo kaitoa sijui kwenye boksi gani, kaisafisha kwa spiriti, na sharti ni kwamba nisiseme neno mpaka upande wa kwanza uishe. Foleni ya Mtoni ikiwa kama kawaida yake, na wa pili tutaumaliza.