Sikuvua suruali, ilivuliwa

Najua mmeshaiona video. Dijei wangu, ambaye kuanzia leo si wangu tena, ameisambaza tangu Jumamosi usiku na maneno juu yake: "MC avua suruali kuwasalimia wakwe." Sikuvua. Ngoja niwape kisa chenyewe kabla hakijamfikia mama, ingawa nasikia kimeshafika.

Asubuhi nilipita soko la Sido, Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutafuta suti ya mvua ya pikipiki. Muuzaji akanitolea mbili. Ya 45,000 ilikuwa nailoni nzito, mishono imepigwa tepu kwa ndani, na mguuni upande wa ekzosi imewekewa kitambaa cha kuzuia joto. Ya 15,000 ilikuwa plastiki ya bluu, nyepesi kama ganda la kitunguu. Nikawaza, kwani mvua inajua bei? Nikabeba ya bluu, tena saizi yangu kabisa, imenikaa. (Nyie mnaoniandikia kwamba ya pikipiki inachukuliwa kubwa kwa sababu ukipanda inavutika, Jumamosi mlikuwa wapi?)

Sendofu ilikuwa Tukuyu. Mwezi wa nne. Mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mimi na ganda langu la kitunguu. Nikajitia ujanja: suruali ya suti na viatu nikavifungia kwenye begi, miguuni yeboyebo, na ndani ya plastiki nikabaki na bukta ya mpira ya mdogo wangu. Nyekundu. Namba 9 pajani.

Mvua ikanipokea Isongole. Kufika Kiwira, mshono wa katikati ulishasalimu amri na maji yananiingia pale pasipotajwa.

Ukumbini wageni walikuwa wamejibanza barazani na matarumbeta wako tayari, wanamsubiri binti. Nikatangulia kufika mimi.

Nikaweka stendi ya pembeni. Nikainua mguu wa kulia nishuke, mguu ukagoma. Nikadhani ni baridi. Nikauvuta kidogo, nikasikia harufu ya ndoo inayoungua. Kugeuka, plastiki imegandia kwenye ekzosi, inafuka moshi, na kila nikivuta inarefuka kama bigijii. Mama mmoja aliyejifunga vitenge viwili akasema kwa upole kabisa, "Mwee! Baba, unaungua."

Mwenye akili hapo angetulia. Mimi nikavuta kwa nguvu zote.

Chwaaa! Kuanzia kiunoni mpaka kifundoni. Mguu ukaja, suruali ikabaki kwenye pikipiki. Nikasimama na mguu wa kushoto, wa kulia uko hewani, namba 9 inawatazama wakwe wa pande zote mbili. Hakuna aliyesema kitu. Mvua tu juu ya bati. Kisha stendi ikaanza kuzama kwenye tope, taratibu, naiona kabisa. Pikipiki ikaniegemea kama mlevi mwenye siri ya kukunong'oneza, tukaenda chini wote wawili.

Na yule mpiga tarumbeta, Mungu anamwona, aliposikia kishindo akajua binti ameshuka kwenye gari. Akalianzisha. Wenzake wakaitikia. Nimelala kwenye tope la Tukuyu napigiwa matarumbeta.

Mengine mnayajua. Nikainuliwa, nikabadilishia chooni, nikashika maiki. Kila nikisema "mabibi na mabwana" ukumbi unaangua kicheko. Hela nimelipwa yote, na baba wa binti akaongeza 10,000, "ya suruali."

Jana nimerudi Sido nikachukua ya 45,000. Yule muuzaji akaniuliza ile ya bluu inaendeleaje. Nikamwonyesha ekzosi. Nimeikwangua kwa kisu, nimeisugua kwa mchanga, wapi. Leo nimempakia mdogo wangu, tumefika Sae injini imepata moto, akaniuliza nani anachoma ndoo. Halafu akaniuliza bukta yake iko wapi.