Mahindi ya Makutupora na swali la kibali

Aprili inapofika, ukitoka Dodoma mjini kuelekea Kibaigwa unaweza kuusoma msimu mzima wa mvua kwa kutazama mashamba ya kandokando ya barabara. Mahindi yaliyokosa mvua mbili tu wakati wa kutoa mbelewele husimama yakiwa na magunzi yenye punje za kuhesabika, ilhali mtama wa jirani, uliopandwa wiki ileile, umeinamisha masuke yake kwa uzito. Wanaotaka serikali iruhusu kilimo cha kibiashara cha mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yaani GMO, hutumia mandhari hiyo kama ushahidi wao, na wanaopinga hufanya vivyo hivyo. Wa kwanza wanayatazama mahindi. Wa pili wanautazama mtama.

Mjadala huu si mgeni Dodoma. Mwaka 2016, katika kituo cha utafiti cha Makutupora ambacho wengi tunakijua kwa zabibu, yalipandwa kwa mara ya kwanza nchini mahindi ya aina hiyo katika shamba la majaribio lililozungushiwa uzio. Mahindi hayo yalikuwa na kinasaba kilichotolewa kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, kinachokusudiwa kuusaidia mmea usisimamishe shughuli zake maji yanapopungua. Jaribio liliwezekana baada ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 kulegezwa mwaka 2015, kwani hapo awali mtafiti na mfadhili wangebeba lawama ya madhara yoyote hata kama hawakuzembea. Mwishoni mwa mwaka 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kupiga marufuku majaribio ya GMO nchini.

Wenzetu wamekwenda njia tofauti. Afrika Kusini inalima mazao haya tangu miaka ya 1990, na Nigeria iliruhusu kunde mwaka 2019 kisha mahindi mwaka 2024. Kenya iliondoa katazo lake la miaka kumi Oktoba 2022, lakini suala likahamia mahakamani, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wakati rufaa ikisubiri kusikilizwa.

Hoja ya wanaounga mkono ina nguvu zaidi kwa wadudu kuliko kwa ukame, ingawa wao wenyewe hupenda kuanza na ukame. Viwavijeshi vamizi waliingia nchini mwaka 2017, na tangu hapo mkulima wa Kongwa au Mpwapwa asiye na bomba la kupulizia huchanganya dawa kwenye chupa ya maji, akatoboa kifuniko kwa msumari, kisha akapita mche kwa mche akidondoshea kwenye moyo wa mhindi, mikono mitupu na pua wazi. Mahindi ya Bt, ambayo hutengeneza yenyewe protini inayoua bungua wa mabua na baadhi ya viwavi, yangempunguzia kazi hiyo na sumu hiyo pia. Isitoshe, punje iliyotobolewa na mdudu huingiwa na kuvu kwa urahisi, na sisi wa Dodoma na Manyara hatujasahau sumukuvu ya mwaka 2016 iliyoua watu. Hapa nitoe tahadhari: ushahidi wa Bt kupunguza sumu za kuvu umekaa vizuri kwa fumonisini, si kwa aflatoksini ambayo ndiyo iliyotupiga sisi.

Kuhusu afya ya mlaji sitakaa sana. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba vyakula vya aina hii vilivyoko katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na havielekei kuleta hatari kwa afya ya binadamu. Hofu nyingi mitaani zinatokana na kuita GMO kila kitu kinachoonekana cha kisasa, kuanzia mapapai mafupi na kuku wa nyama hadi tikiti maji lisilo na mbegu, ambavyo vyote havihusiki.

Kwenye ukame, hata hivyo, ndipo hoja inapolegea. Uwezo wa mmea kuvumilia kiu hautegemei kinasaba kimoja. Mwaka 2018 mamlaka za Afrika Kusini zilikataa ombi la kuuza mahindi yaliyobeba kinasaba hikihiki pamoja na vingine, kwa kuwa takwimu za mavuno wakati wa ukame hazikuwaridhisha, na Oktoba 2024 Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ikabatilisha kibali kilichokuwa kimetolewa kwa mahindi yenye kinasaba hicho peke yake. La kuzingatia zaidi ni kwamba mradi uleule uliopanda mahindi ya Makutupora ulitoa pia mbegu chotara za kawaida zinazostahimili ukame, zilizozalishwa bila kuhamisha kinasaba chochote, na mbegu hizo hazikuhitaji mabishano yote haya ili zimfikie mkulima.

Halafu kuna jambo ambalo ni letu hasa. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi hudanganya: inanyesha Desemba, watu wanapanda, inakatika wiki tatu, miche inakauka. Januari ni mwezi wa kurudishia. Mwenye pesa hurudi duka la pembejeo. Asiye nayo, na hao ndio wengi, hununua debe la mahindi sokoni au huomba kwa jirani, akachambua punje nene akazipanda. Punje ya sokoni haina lebo. Siku mahindi ya GMO yatakapoingia katika soko kama la Kibaigwa, msimu unaofuata yatakuwa mashambani mwa watu ambao hawakuyachagua, bila kuhitaji hata upepo wa kupeperusha chavua.

Hapo sharti la kitaalamu la Bt linakuwa gumu. Ili wadudu wasizoee sumu, mkulima anatakiwa kuacha sehemu ya shamba apande mahindi ya kawaida, ili wabaki wadudu ambao hawajakutana na sumu, wazaliane na wale walioanza kuizoea. Afrika Kusini, yenye mashamba makubwa na maofisa wa kufuatilia, sharti hilo halikuzingatiwa vya kutosha, na kufikia mwaka 2007 bungua waliozoea sumu walikuwa wameripotiwa. Sioni mwenye ekari mbili za Kongwa akitenga robo ekari kwa ajili ya kulisha wadudu.

Soko nalo lina neno lake. Burkina Faso iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2008. Wadudu walipungua kweli, lakini nyuzi zikawa fupi, bei ikaathirika, na miaka michache baadaye nchi ikaachana nayo. Sisi tunauza mahindi nje, Zambia ikiwa miongoni mwa wateja, na Zambia ndiyo iliyokataa msaada wa mahindi ya GMO mwaka 2002 ikiwa katikati ya njaa.

Wazee wa Kongwa wana sababu nyingine ya kusitasita. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilileta huko matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga, na mpango ukafa kwa sababu mvua na udongo havikupimwa kabla ya kuanza. Lakini mfano huo, ukiutazama vizuri, unawakata pia wanaoshangilia katazo la 2021, kwa maana jaribio lililozungushiwa uzio ndiko kupima kwenyewe.

Kwa hiyo ninatofautisha mambo mawili ambayo mjadala wetu huyachanganya. Kibali cha kulima kibiashara ningekinyima kwa sasa, hadi kanuni ziseme waziwazi nani anamlipa mkulima ambaye mbegu yake imechanganyika, na hadi magunia yatenganishwe sokoni, kazi ambayo leo hatuiwezi. Katazo la majaribio ningeliondoa. Ningetaka Makutupora irudishiwe shamba lake, ila safari hii mahindi yenye kinasaba yapandwe sambamba na mahindi hayohayo yasiyokuwa nacho, chotara za kawaida, na mtama na uwele wa kituo cha Hombolo, ambao hakuna nchi inayoulima kibiashara ukiwa umebadilishwa vinasaba. Yapandwe misimu mitatu au minne, ikiwamo ile ambayo mvua ya Desemba inadanganya, na matokeo yatangazwe yote, ya kufurahisha na ya kuaibisha. Na pembeni ya safu ya gunia kwa ekari iwepo safu ya gharama ya mbegu, maana mkulima anayerudishia Januari atasoma hiyo kwanza.